Mjomba Aliyeitikia Hep Yangu

Dada, wewe uliyekaa mkabala na mimi kwenye benchi la kliniki, mwenye kitenge cha bluu na binti anayetoa mlio kama kifaranga, hii nakuandikia wewe. Wengine wakisoma, karibuni, hakuna siri.

Uliona nilivyowaka siku ile. Yule baba wa pembeni alipokwambia, "Mama, mnyamazishe mwanao, hapa kuna wagonjwa," mimi nikamrukia: "Kwani huyu kaja kununua nyanya?" Basi watu wote wakaacha kumwangalia mtoto, wakaniangalia mimi. Ndivyo nilivyo, mdomo wangu unatangulia. Halafu ukaniuliza kwa sauti ya chini, umemziba binti mdomo kwa kona ya kitenge, "Kaka, na wewe uko hivi hivi? Yataisha?" Nikaitwa jina, nikaingia ndani. Nilipotoka ulikuwa umeshaondoka.

Jibu langu ni refu. Ndiyo hili.

Naitwa Idi, fundi simu, nakaa Mji Mpya hapa Morogoro. Kazi nimejifundisha mwenyewe, kwa kuharibu simu za ndugu zangu mpaka nikajua zinavyotengenezwa. Ugonjwa huu nao nimejifundisha hivyo hivyo, kwa kusoma kwenye simu za wateja nikisubiri chaji ijae. Unaitwa Tourette, unatamkwa Turet, maana yake mwili unafanya vitu ambavyo hujautuma. Mambo ya ubongo muulize daktari. Mimi nitakwambia ya kwenye mabenchi na ya nyumbani, maana hayo madaktari hawayaoni.

Kwangu yalianza na macho, nikiwa shule ya msingi. Nilikuwa nakonyeza. Jicho la kulia linafunga lenyewe, mara moja, mara nyingi, halafu shingo inachomoka kama mtu aliyeitwa. Mwalimu akadhani namkonyeza, nikachapwa. Mke wa jirani naye akadhani namkonyeza, mumewe akaja kwa Mama: "Mwanao huyu, kabla hajaota ndevu, ameshaanza?" Leo nacheka. Siku ile sikucheka, nilipigwa na Baba mpaka jicho likavimba, na lilipovimba likaendelea kukonyeza vilevile.

Mama akanipeleka kwa daktari wa macho. Tukakaa kwenye benchi tangu asubuhi, nikatoka na miwani. Nikawa nakonyeza ndani ya miwani.

Masika yaliyofuata ikaja sauti. "Hep!" Hivyo tu. Inapanda kutoka tumboni kama kwikwi, inauma kifuani ukiizuia, na ukiizuia sana inatoka kubwa zaidi, kama bati lililopigwa jiwe. Darasani, hep. Madrasa, hep. Kwenye foleni ya maji, hep. Dada, unajua mwenyewe ilivyo, mtoto wako akizuia utaona machozi yanamlengalenga, siyo jeuri ile, anapigana. Mwache itoke.

Tukazunguka. Daktari wa koo akasema koo zima. Nikanyweshwa kombe, aya zilizooshwa kwa maji kwenye sahani, nikanywa mpaka tumbo likajaa. Nikapelekwa kwa mganga mmoja huko njia ya Kisaki, akasema ni mizimu, akanichanja shingoni na kunifukiza moshi chini ya blanketi. Nikakohoa, nikalia, nikapiga hep humo humo ndani ya blanketi, na mganga akashtuka akaangusha chetezo. Hiyo ndiyo faida pekee niliyoipata kwake.

Nyumbani ndiko kulikoharibika. Baba akaanza kula peke yake. Akawa anasema, "Kwetu hakuna kitu kama hiki. Hiki kimetoka upande wenu." Mama anainamia karai. Anaosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Shule wakanifukuza kwa ajili ya ile sauti, na mimi mtaani nikawa mtu wa ngumi. Ukiniigiza tu, nimekurukia. Sikujali wewe mkubwa au mdogo. Nimepasuliwa mdomo, nimepasua wengine, na jina langu likawa Hep, Idi likasahaulika.

Hapo ndipo Mjomba Mloka aliposhuka.

Mjomba Mloka ni kaka yake Mama, yule mdogo. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba ana sauti kuliko baba. Alikuwa mpakiaji mboga kule Mgeta, zile kabichi na karoti mnazokula Dar, yeye ndiye aliyekuwa anazipandisha kwenye lori. Mfupi, shingo nene, goti la kushoto bovu, anachechemea kama anakanyaga mwiba. Hajawahi kukaa kwenye kiti chetu, alikaa kizingitini, viatu vina tope.

"Shemeji," akamwambia Baba, "umesema kitu kimetoka kwetu?"

"Nimesema."

"Basi sawa. Cha kwetu nakichukua." Akanigeukia. "Mjomba, vaa sweta. Kule baridi."

Basi. Hakuna kikao, hakuna kelele. Mama akalia kwa furaha au kwa uchungu, mpaka leo hajaniambia.

Tukapanda na lori lililokuwa linarudi tupu. Nimesimama nyuma kati ya wapakiaji, mlima uko mbele umevaa ukungu, njia inapinda, nazuia, nazuia, shingo inauma. Ikatoka. "Hep!" Jamaa mmoja akanigeukia, "Wewe dogo vipi?" Na kabla sijakunja ngumi, Mjomba, akitazama barabarani, akaitikia: "Hep!"

Nikadhani ananiigiza. Nikaokota kabichi bovu lililobaki sakafuni nikamtupia, likampata begani. Mjomba akajipangusa, wala hakukasirika.

"Umemaliza? Sasa nisikilize. Ukipiga kelele peke yako, watasema wewe ni kichaa. Tukipiga wawili, sisi ni wapakiaji."

Dada, mimi nimesoma vitu vingi kuhusu ugonjwa huu. Sijawahi kusoma kitu kizuri kuliko hicho.

Na hakuwa anatania. Asubuhi yake akanipeleka pale malori yanapopakia. Unajua matenga yale, yale makapu makubwa ya nyanya, na viroba vya karoti vilivyoshonwa na majani juu. Wawili wanashika chini, mmoja anapokea juu, lazima wanyanyue kwa pamoja, la sivyo mtu anavunjika mgongo. Walikuwa wanahesabu. Mjomba akawaambia, "Acheni kuhesabu. Huyu mpwa wangu akipiga hep, nyanyueni."

"Na asipopiga?" akauliza mmoja.

"Huyu? Atapiga, wewe usiwe na shaka."

Wakacheka mpaka basi. Nikacheka na mimi. Nikapiga hep, wakanyanyua. Mjomba juu ya lori akaitikia, hep, tenga limefika. Kufikia kipupwe, ile baridi ya mwezi wa saba inayokufanya uvute pumzi uione, kila mpakiaji pale alikuwa anapiga hep. Mgeni akija hajui ilianzia kwa nani. Madereva wakadhani ni desturi ya Mgeta tangu zamani. Sauti iliyonifukuza shule ikawa kitu cha kazini, kama kamba.

Msikitini ndiko nilikomwona ni mtu wa ajabu. Kule huwezi kuitikia. Basi yeye akawa anakohoa. Mimi nyuma, hep, yeye safu ya mbele, kikohozi cha uongo kinachotikisa mkeka. Siku moja imamu akamfuata baada ya swala: "Mloka, kapime hicho kifua." Akajibu, "Nitapima, shehe," akanikonyeza. Yeye ndiye aliyekonyeza, siyo mimi.

Ni Mjomba huyo huyo aliyenipeleka hospitali ya kweli, kule Dar, baada ya mavuno ya njegere. Alivaa koti lake la sherehe. Tukasubiri kwenye korido ndefu yenye dirisha moja, watu wanasogea mbali nasi, benchi letu likabaki na nafasi ya kulala. "Umeona?" akasema. "Wenzako wanabanana. Sisi tumekaa kama waheshimiwa." Akavua viatu, akanyoosha lile goti.

Daktari alikuwa dada mmoja kijana, akaniangalia tu nikiongea, hakunikatiza. Akasema lile jina. Akasema mizimu hamna, adabu mbaya hamna, mama yako hajakosea kitu. Mjomba akamwomba arudie hilo la Mama. Akarudia. Tuliporudi, hatukwenda Mgeta kwanza. Tulikwenda Mji Mpya, akasimama mlangoni kwa Baba, akarudia maneno ya daktari yote, kwa sauti ya kupakia lori, majirani wasikie. Baba akavuta kiti. Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akimpa Mjomba kiti.

Sikudanganyi kuhusu dawa. Vidonge vya kwanza vilinilaza. Nilinenepa mashavu, ulimi ukawa mzito, mate yananitoka kwenye mto kama mtoto mchanga. Hep ilipungua lakini na mimi mwenyewe nilipungua, nilikaa juani kiangazi kizima kama gunia. Mjomba alinipandisha kwenye lori nikakaa juu ya kabichi, "wewe kaa tu, upate upepo." Vuli ilipoanza tukarudi Dar, wakanibadilishia, dozi ndogo. Hiyo ndiyo iliyonipa pumzi. Dawa ikimzidi mwanao, mwambie daktari, usiogope kurudi na kusema hii siyo. Shingo bado inauma jioni, maji ya moto yanasaidia. Na kadiri nilivyokua, ikatulia yenyewe kidogo kidogo, mpaka nikaweza kushuka mjini na kufungua kibanda changu cha simu. Siku nzuri haitoki kabisa. Nikiwa na hasira au huzuni, inarudi na familia yake yote.

Sasa nifike kwenye kile ninachotaka ukijue.

Masika haya yaliyopita Mjomba Mloka alianguka karibu na malori, moyo, akafa kabla hawajamfikisha kokote. Simu niliipokea nikiwa nimeshika simu ya mtu mwingine mkononi. Aliyepiga ni Mjomba Rajabu, kaka yao mkubwa, ndiye kichwa cha ukoo.

"Shikamoo mjomba," nikasema.

"Marahaba. Mdogo wangu ametutoka. Tunazika kesho." Akashusha sauti. "Idi, nakuomba ubaki huko huko. Watu watakuja kutoka Dar, kutoka Ngerengere, mashehe. Unaijua hali yako ukiwa na msiba. Usimtie aibu Mloka siku yake ya mwisho."

Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa, mimi na mdomo wangu. Nikafunga kibanda. Lakini njiani kote kwenda Mgeta, gari linateleza kwenye tope, nilikuwa napiga hep kila pumzi, jicho linafunga, bega linaruka, na nikawa najiuliza: na kama ana haki? Kama nikimpigia kelele Mjomba mdomoni mwa kaburi, watu wamtaje kwa hilo tu? Mtu aliyenibeba miaka yote, mimi ndiyo nimharibie?

Mama akanipokea nje ya uwa. Macho mekundu. "Mwanangu, umekuja. Njoo, lakini utakaa ndani. Wakimtoa utabaki na sisi wanawake. Nimemwahidi kaka."

"Mama, mimi ndiyo wa kumbeba."

"Najua."

"Sasa?"

"Idi, najua!" Akanisukumia chumbani, akanipa kanga yake. Nikaing'ata. Wewe dada umemziba mwanao kwa kitenge, basi ujue na mimi mtu mzima mwenye ndevu nimekaa gizani nimejiziba kwa kanga ya mama yangu. Kila hep ikawa inaingia ndani kama ngumi. Kwa ufa wa dirisha nikaona jeneza uwani, limefunikwa, wapakiaji wenzangu wamesimama kimya na kofia zao, mvua inanyunya.

Hapo akaingia uwani Bi Chausiku.

Kwetu msiba una watani. Ni watu wa ukoo mwingine ambao wana haki ya kuja kwenye msiba wenu kutukana, kuigiza marehemu, kuzuia maiti isitoke mpaka wapewe wanachotaka, na ni mwiko kuwakasirikia. Bi Chausiku ndiye mtani wetu, mwanamke mnene anayeuza maandazi pale kwenye malori. Alikuwa amevaa koti la Mjomba, lile la sherehe. Kichwani amekunja kiroba pembe moja ndani ya nyingine, kama wapakiaji wanavyojikinga mvua. Begani ana kabichi. Anachechemea goti la kushoto.

"Poleni, wachoyo nyie!" akapiga kelele. "Mmemvalisha nguo nyeupe mtu wa matope! Atateleza huko peponi!"

Watu wakaanza kucheka huku wanafuta machozi. Akazunguka jeneza, anakwaruza goti, anamfokea dereva asiyekuwepo, anapangusa jasho kwa kiganja, Mjomba mtupu. Hata Mjomba Rajabu akaziba mdomo. Halafu Bi Chausiku akanyanyua kabichi juu ya kichwa, akapiga:

"Hep!"

Akasubiri. Ameinua kabichi, anatazama huku na huku.

"Mbona haitikiwi? Hep! Jamani, mimi Mloka nilikuwa naongea peke yangu? Mimi kichaa? Nani alikuwa anaitikiana na mimi? Yuko wapi?"

Mjomba Rajabu akaingiza mkono mfukoni, akampa noti, kama watani wanavyopewa.

"Hela yako nikanunulie nini, ngano? Ninayo." Akatupa kabichi chini, akaenda kulala chali mbele ya jeneza, katikati ya tope, na koti la watu. "Maiti haitoki hapa. Nataka mwenzake. Mkitaka kuzika, nikanyageni!"

"Chausiku, inuka, shehe anasubiri."

"Na asubiri. Mloka hajawahi kunyanyua kitu bila mwenzake. Hep!"

Kanga ikanitoka mdomoni. Sikuitoa mimi. Ile hep iliyotoka ilikuwa na masika mazima ndani yake, ikapita dirishani, ikapiga bati la jiko, kuku wakakimbia. Na baada yake nyingine. Na nyingine.

Nikasikia Bi Chausiku pale chini anacheka. "Huyo hapo! Mlimficha kama sukari!"

Mama ndiye aliyefungua mlango. Siyo Mjomba Rajabu, Mama. Akasimama kizingitini pale pale, akamwambia kaka yake mkubwa mbele ya watu, "Kaka, ahadi yangu nimeivunja. Nisamehe baadaye."

Nikatoka. Jicho linakonyeza waombolezaji wote, bega linaruka. Sikumwangalia mtu. Mjomba Rajabu akaniangalia muda, akamwangalia yule mtani aliyelala kwenye tope, ambaye kwa desturi hawezi hata kumkunjia uso. Akasema, "Basi shika mbele. Mbele kuna mteremko, uwe mwangalifu." Akanipisha.

Dada, umeuliza yataisha. Yanaweza kupungua, ya kwangu yamepungua. Yanaweza kubaki kidogo, ya kwangu yamebaki. Mpe dawa akiandikiwa, mwambie mwalimu wake jina la ugonjwa, mpikie, mgombeze akikosea kama watoto wengine. Na nyinyi wa kwenye mabenchi mnaosogea pembeni, ule ugonjwa haurukii mtu. Sogeeni huku, nafasi ipo. Lakini wewe mama, usimzibe. Akilia kama kifaranga, lia kama kifaranga na wewe. Watu watawaangalia wawili. Wawili siyo sawa na mmoja, mimi nimeona.

Wapakiaji wakainama, kila mtu na mpini wake, mikono ile ile, wameshika kama tunavyoshika tenga. Shehe akaanza kuvuta pumzi aseme neno la kutupanga. Hakuwahi.

"Hep," nikasema.

Wakanyanyua wote kwa pamoja, Mjomba akapanda mwepesi kabisa. Na kutoka nyuma, kwa wapakiaji, kwa Bi Chausiku kwenye tope, na kwa Mama yangu mlangoni, nikaitikiwa.